Kengele Ilie Lini? Kiwango cha Tahadhari katika Foleni ya Makosa

Programu za kompyuta zifanyazo kazi pamoja hupelekeana taarifa, nazo taarifa hizo hungoja zamu katika foleni. Mtu anunuapo umeme kwa simu, malipo yake huweza kupita katika foleni kadhaa za namna hiyo. Taarifa ikijaribiwa mara kadhaa na kushindikana, huwekwa kando katika foleni ya makosa ili isizizuie nyingine, kama posta iwekavyo kando barua zisizo na anwani kamili. Swali ni hili: makosa yafikie mangapi ndipo kengele ya kumwita fundi ilie?

Kusema kwamba ilie kwa kila kosa ni rahisi, lakini hakumfai fundi. Ichukuliwe kuwa kwa kawaida huingia makosa 16 kila saa, kila moja kwa sababu yake. Hesabu aliyoichapisha Mfaransa Siméon Denis Poisson mwaka 1837 yaonyesha kuwa idadi ya matukio yasiyotegemeana huyumba kandokando ya wastani kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha wastani huo. Hapa ni 4. Kengele ikitegwa ilie makosa yazidipo 20, italia bure yapata mara tatu kwa siku. Ikitegwa kwa 28, yaani 16 na 4 mara tatu, italia bure mara moja hivi katika siku 19. Mlinzi aamshwaye bure kila usiku huacha kuamka. Lakini ikitegwa kwa 100, hitilafu iletayo makosa 60 kwa saa, karibu mara nne ya kawaida, itapita kimya.

Idadi peke yake haitoshi. Taarifa moja iliyolala saa sita katika foleni ni mteja aliyekwisha kulipa naye bado yumo gizani. Basi umri wa taarifa kongwe kuliko zote nao upimwe. Na pale ambapo kawaida ni sifuri, kosa moja latosha.

Agosti 1, 2012, kabla soko la hisa la New York halijafunguliwa saa tatu na nusu asubuhi, mitambo ya kampuni ya Knight Capital ya Marekani iliwapelekea wafanyakazi barua pepe 97 zilizotaja kosa lile lile. Programu mpya ilikuwa imewekwa katika mashine saba tu kati ya nane. Barua hizo hazikukusudiwa kuwa kengele, wala hazikushughulikiwa. Soko lilipofunguliwa, mashine ya nane ilimwaga maagizo ya hisa kwa dakika 45, na hasara ikazidi dola milioni 460. Oktoba 2013 tume ya Marekani isimamiayo masoko hayo iliitoza kampuni dola milioni 12, na katika uamuzi wake ilizitaja barua zile 97.