Kitabu Kinapolipita Duka

Anayetaka kujua hali ya biashara ya vitabu Dodoma aende Majengo wiki ya kwanza ya Januari, shule zinapofunguliwa. Mitaa inayolizunguka soko hujaa wazazi wenye orodha mkononi: madaftari, kaunta buku, rimu ya karatasi, mkebe wa hisabati, fagio la chelewa. Kwenye steshenari watu husubiri zamu hadi barazani. Lakini tafuta vitabu vya kusoma humo ndani. Utaonyeshwa rafu moja ya pembeni yenye vitabu vya fasihi kama Takadini, Watoto wa Mama Ntilie, Ngoswe, vijitabu vya uchambuzi wa fasihi vilivyobanwa kwa pini, kamusi chache na vitabu vya siri za utajiri. Nafasi iliyobaki ni ya mashine ya fotokopi na kompyuta.

Watu wengi watakwambia kwamba duka la vitabu limeuawa na simu. Maelezo hayo yametoka mbali. Nchini Marekani, kampuni ya maduka ya vitabu ya Borders ilifilisika mwaka 2011 na kufunga maduka 399 yaliyokuwa yamebaki, miaka minne baada ya Amazon kuleta kifaa cha kusomea cha Kindle. Hata huko kifaa hicho hakikuwa chanzo pekee, kwani Amazon ilikuwa ikiuza vitabu vya karatasi kwa njia ya posta tangu 1995. Dodoma haikuwahi kuwa na Borders. Ilichokuwa nacho, kama mikoa mingine, ni duka dogo lililoishi kwa kitabu cha shule, na kitabu cha shule kilihama duka hilo kwa maamuzi ya sera, simu janja ikiwa bado haijafika mifukoni mwa wengi.

Hesabu za muuzaji vitabu ndizo zinazoeleza jambo hili vizuri zaidi. Riwaya hukaa rafuni miezi sita ikimsubiri msomaji mmoja. Katika miezi hiyo sita kodi ya fremu inadaiwa, umeme unadaiwa, leseni inadaiwa. Kilichokuwa kikilipa vyote hivyo ni kitabu cha hesabu cha darasa la tano, ambacho mzazi hakuwa na budi kukinunua na mwalimu alikihitaji kwa makumi. Faida yake ndiyo iliyoilisha riwaya hadi siku iliponunuliwa. Ondoa kitabu cha shule, na mwenye duka mwenye akili timamu atarudisha riwaya kwa mchapishaji, aweke madaftari mahali pake.

Kitabu cha shule kimehamishwa zaidi ya mara moja. Enzi za Ujamaa, uchapishaji ulishikwa na mashirika ya umma. Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1966 na kuongozwa na Walter Bgoya kuanzia 1972, ndiyo iliyotupa riwaya za Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli za Shafi Adam Shafi. Usambazaji wa vitabu vya shule ulikuwa mikononi mwa Tanzania Elimu Supplies. Kampeni ya kisomo cha watu wazima ilikuwa imezaa mamilioni ya wasomaji wapya, kisha, baada ya Vita vya Kagera, fedha za kigeni zikaadimika na karatasi ikaadimika pamoja nazo. Kiwanda cha karatasi cha Mufindi hakikuanza kazi hadi mwaka 1985. Kwa miaka mingi watu waliokuwa wamefundishwa kusoma hawakuwa na cha kusoma, na mimi naona jeraha hilo halijapona hadi leo.

Mwaka 1991 serikali ilitangaza sera ya kuwaachia wachapishaji binafsi kazi ya vitabu vya shule. Bgoya alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Mkuki na Nyota, mwaka huohuo. Mwaka huo pia ulizaliwa Mradi wa Vitabu vya Watoto, uliokuwa na utaratibu wa busara: mchapishaji akichapa nakala 5,000, mradi unanunua 3,000 na kuzipeleka shuleni. Gharama za uchapaji zinarudi, naye mchapishaji anabaki na nakala 2,000 za kuuza mitaani. Ubaya ni kwamba nakala hizo 2,000 zilihitaji maduka, na maduka yenyewe yalikuwa dhaifu.

Mlango ulifungwa tena mwaka 2013. Kamati iliyokuwa ikiidhinisha vitabu vya wachapishaji mbalimbali ilivunjwa, baada ya makosa mengi ya vitabu kulalamikiwa bungeni, na kazi ya kuandaa vitabu vya shule ikarudishwa Taasisi ya Elimu Tanzania, chombo cha serikali. Elimu bila ada ilipoanza 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na 4,000 kati yake zilibaki serikalini kununulia vitabu kwa pamoja. Vitabu husafiri kwa lori hadi halmashauri, kisha shuleni. Kenya ilifanya hivyohivyo mwaka 2018, vitabu vikapelekwa shuleni moja kwa moja, na wauza vitabu wa huko wakalia. Simlaumu anayempa mtoto kitabu bure. Nasema tu kwamba lori hilo lilibeba pia pango la duka.

Simu ilikuta rafu imeshapungua. Taasisi ya Elimu sasa ina maktaba mtandao ambako vitabu vya kiada vinasomwa bure, na hilo ni jambo jema kwa mwenye bando. Lakini tazama mambo yanavyokwenda pale kaunta Majengo. Mwanafunzi wa chuo anafika na kitabu kwenye simu, faili la pidiefu alilotumiwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. "Kaka, naituma kwa namba gani?" Anaonyeshwa namba iliyobandikwa ukutani. Faili linaingia kwenye kompyuta, mashine inatema kurasa, zinatobolewa na kufungwa kwa waya wa plastiki, jalada la nailoni mbele, gumu nyuma. Amepata kitabu cha karatasi! Aliyelipwa ni mwenye mashine. Mwandishi na mchapishaji hawamo katika malipo hayo, ingawa sheria ya hakimiliki, iliyounda COSOTA kuisimamia, ipo tangu 1999. Dijitali ya Majengo haijafuta karatasi, imemfuta mwenye kitabu.

Ushahidi mwingine uko mjini humohumo. Chama cha Biblia cha Tanzania kina makao yake Dodoma. Biblia ya Kiswahili iko kwenye simu bila malipo, na bado waumini wananunua ya karatasi, kwa sababu wanajua wataipata wapi na kanisa linaihitaji kila wiki. Kama simu peke yake ingekuwa inaua kitabu, hicho kingetangulia.

Waandishi wa riwaya wametafuta njia zao. Wengine hurusha sehemu za mwanzo za hadithi Facebook au WhatsApp, na mwenye kutaka kuendelea hulipa kwa simu. Anayetaka kitabu chenyewe humtumia mwandishi au muuzaji wa Dar es Salaam pesa, kisha kinapakiwa kwenye basi, naye anakifuata kituoni Nanenane. Inafanya kazi kwa yule anayejua tayari anataka nini. Mtoto aliyeingia kununua penseli hawezi kukutana na kitabu kilichomo kwenye buti ya basi.

Ndiyo maana ningependa shule za kata ya Majengo ziruhusiwe kutumia sehemu ya ile shilingi 4,000 ya ruzuku kununua vitabu vya ziada na vya hadithi katika steshenari za jirani, kwa risiti na kwa orodha iliyoidhinishwa. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imekuwa ikizawadia miswada ya Kiswahili tangu 2023, washindi wa kwanza wakipewa shilingi milioni 10, na miswada hiyo ikishachapwa kuwa vitabu hupelekwa shuleni. Nakala chache zikipitia dukani, mzazi aliyesikia mwanawe akisimulia hadithi hiyo nyumbani atakuwa na mahali pa kuiulizia.