Mshahara Usiokatwa kwa Saa

Sogeeni, wanangu, niwaelezee habari ya mshahara, kama inavyokwenda kule Marekani.

Mwaka 1938 Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ambayo hadi leo inalinda jasho la wafanyakazi wa nchi hiyo. Anayefanya kazi zaidi ya saa 40 kwa wiki hulipwa kila saa ya ziada mara moja na nusu ya malipo yake ya kawaida. Lakini wapo wasiopata malipo hayo: mameneja, wahasibu na wengine wa kazi za namna hiyo. Hao hupokea mshahara maalumu wa wiki, usiopungua dola 684.

Sasa mfikirieni mhasibu mmoja wa Chicago. Jumatatu anabaki ofisini hadi saa tatu usiku, na haongezewi hata senti. Jumanne mtoto wake anaugua, anaondoka saa nane mchana. Je, bosi amkate? Hapana! Kama saa za ziada hazilipwi, saa zilizopungua nazo hazikatwi. Hiyo ndiyo haki ya mapatano yao, nami naiona haki kamili. Hata ofisi ikikosa kazi siku mbili, yeye yuko tayari kufanya kazi, basi hupata mshahara wake wote wa wiki.

Kukatwa kupo, ila kwa siku nzima. Akienda kwenye shughuli zake binafsi siku moja na nusu, bosi anaweza kukata siku moja tu; ile nusu haiguswi. Na wiki ambayo hakufanya kazi kabisa, mwajiri halazimiki kumlipa.

Mwajiri akizoea kukata visivyo halali, anapoteza ile ruhusa ya kutolipa saa za ziada. Atadaiwa na mhasibu huyo, pamoja na wenzake wa kazi ileile walio chini ya bosi huyohuyo.

Kesi moja ya namna hii ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Msimamizi wa uchimbaji mafuta baharini alikuwa akifanya kazi mara nyingi saa 84 kwa wiki. Alipata zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, lakini alilipwa kwa siku: siku asiyofanya kazi, hakuna pesa. Kampuni ikadai kwamba mtu wa kipato kikubwa hivyo hastahili malipo ya saa za ziada. Februari 2023 majaji sita kati ya tisa wakaikatalia. Jaji Elena Kagan, aliyeandika hukumu, alieleza kuwa malipo yanayohesabiwa kwa siku tu si mshahara wa wiki, hata yawe makubwa namna gani.

Nanyi siku mtakapopewa mkataba wa kwanza, msitazame kiasi peke yake. Ulizeni pesa hiyo inahesabiwa kwa saa, kwa siku, au kwa wiki, ndipo mtie saini.