Madoa Yanatayo Zuliani: Kuyaondoa bila Kudhuru Afya

Buigiri, wilayani Chamwino, mashariki mwa jiji la Dodoma, hupata mvua kwa miezi michache tu ya mwaka. Muda uliobaki upepo huingiza vumbi hadi vyumbani. Zulia likimwagikiwa asali, ubuyu wa rangi au dawa ya maji ya mtoto, sukari iliyomo hunasa vumbi hilo na kuvuta sisimizi na nzi. Baada ya siku chache doa huwa jeusi na gumu. Hapo ndipo baadhi ya watu hukimbilia petroli, mafuta ya taa au mchanganyiko wa dawa za usafi, na tiba hiyo huwa na madhara kuliko doa lenyewe.

Namna ya kuliondoa doa

Sukari huyeyuka majini. Kwa hiyo doa la namna hii halihitaji kemikali kali. Kwanza, uchafu mgumu ukwanguliwe kwa ukingo wa kijiko. Kisha nusu kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo itiwe katika lita moja ya maji ya vuguvugu, na ijaribiwe kwanza kwenye pembe ya zulia isiyoonekana. Doa lilowekwe kidogo kwa dakika chache, kisha libonyezwe kwa kitambaa cheupe kutoka ukingoni kuelekea katikati. Lisisuguliwe, kwani kusugua hulitawanya. Mwisho, sabuni iondolewe kwa kitambaa chenye maji safi, maana mabaki yake nayo hunasa vumbi, kisha zulia lianikwe likauke kabisa.

Ubani wa kutafuna hauyeyuki majini. Ugandishwe kwa barafu, kisha ubanduliwe. Pasipo barafu, ulainishwe kwa matone ya mafuta ya kupikia, ndipo paoshwe kwa sabuni.

Hatari za kuepukwa

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na unaweza kulifikia jiko la mkaa lililo mbali, ukawaka. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo isichanganywe na siki wala dawa ya kusafishia choo yenye asidi, kwa kuwa hutoa gesi inayounguza njia ya hewa. Wenye pumu huathirika zaidi.

Buigiri inajulikana pia kwa shule yake ya watoto wasioona. Asiyeona hutambua chupa kwa umbo lake. Mafuta ya taa yakitiwa katika chupa ya soda, umbo hilo humdanganya, kama linavyomdanganya mtoto mdogo aonaye. Kila kemikali ibaki katika chombo chake, mahali pa juu palipofungwa.

Huduma ya kwanza

Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa ili atapike: mafuta yanaporudi kooni huweza kuingia mapafuni na kusababisha homa ya mapafu. Apelekwe kituo cha afya mara moja, pamoja na chupa iliyohusika. Kemikali ikiingia jichoni, lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, bila kufikichwa, ndipo mgonjwa apelekwe kituoni.

Mhudumu wa afya anayempokea mtoto mwenye kikohozi cha ghafla na pumzi za haraka aulize pia: nyumbani mlikuwa mkisafisha nini leo, na kwa kitu gani? Jibu laweza kuonyesha chanzo cha ugonjwa.