Forodha ya Kompyuta na Mfanyabiashara wa Darajani

Jina la Forodhani lingali likiwakumbusha wakaazi wa mji wetu kwamba hapo ndipo mali ya ng'ambo ilipokaguliwa na kutozwa ushuru. Leo makontena hushushwa Malindi, na kazi iliyokuwa ikifanywa kwa kalamu, muhuri na rundo la nakala imehamia ndani ya kompyuta. Mwaka 2014 Mamlaka ya Mapato Tanzania iliuacha mfumo wa ASYCUDA++ na kushika ule wa TANCIS. Hatuna ugomvi na mageuzi hayo. Anayezikumbuka siku za kukimbia na faili kutoka dirisha hadi dirisha hawezi kutamani zirudi.

Lakini lazima ieleweke kwamba mashine haikubali neno "vyombo".

Wafanyabiashara wetu wengi si matajiri wa kontena zima. Hukusanyana watu kadhaa, wakajaza kontena moja Dubai au Guangzhou, kila mmoja na katoni zake. Ankara waliyopewa huandikwa "vyombo vya nyumbani" basi. Zamani ofisa aliweza kufungua katoni, akatazama, akauliza, akaamua. Mfumo wa sasa unadai kila kitu kitajwe kwa nambari yake ya tarakimu 8 iliyomo katika kitabu cha ushuru cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sufuria ya alumini imo katika sura ya 76, sahani ya udongo sura ya 69, kijiko sura ya 82, na bakuli la plastiki sura ya 39. Vyote hivyo vilitoka katika katoni moja, na kitabu chenyewe kimeandikwa kwa Kiingereza.

Nambari hizo si mapambo. Mali ghafi nyingi hazitozwi ushuru, bidhaa ambazo hazijakamilika hutozwa asilimia 10, zilizokamilika asilimia 25, na tangu Julai 2022 limeongezwa daraja la asilimia 35. Kukosea nambari kwaweza kumtoa mtu daraja moja na kumtupa katika jingine. Tena Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 haimtazami mwongo peke yake. Inamtaja pia aliyetoa tamko lisilo sahihi kwa jambo lolote, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 3 au faini ya dola 10,000 za Kimarekani. Kampuni kubwa ina makarani wa kulisoma jambo hili. Mama anayeuza mapazia Darajani ana wakala wa forodha tu.

Hapo ndipo penye uzito. Wakala ndiye mwenye leseni, ndiye mwenye neno la siri la kuingilia katika mfumo, naye ndiye anayeandika. Mawakala waaminifu ni wengi, na kazi yao si nyepesi. Hata hivyo, si haki mtu awajibike kwa maandishi ambayo hakuyaona. Tunashauri iwe desturi isiyovunjwa kwamba mwenye mali asomewe tamko lake kwa Kiswahili, na apewe nakala, kabla halijapelekwa.

Singapore nayo ni kisiwa, na ilipoanzisha mfumo wake wa TradeNet mwaka 1989, vibali vilivyokuwa vikichukua siku kadhaa vilianza kutoka kwa dakika. Wengi wetu hupenda kuisimulia habari hiyo, lakini huisahau sehemu yake ya pili. Mfanyabiashara asiye na kompyuta hakuachwa nje, bali palikuwa na vituo vya huduma vya kumwandikia na kumpelekea hati zake. Huo ndio upande wa kuigwa kwanza.

Jambo jingine ni umeme na mtandao. Watu wa Unguja hawana haja ya kuelezwa maana ya kukatikiwa: tulikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu za waya wa chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mawasiliano zilikatika baharini upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota nchi nzima. Siku kama hizo tamko haliendi, lakini gharama ya kuhifadhi kontena bandarini inahesabiwa kwa siku. Tunawaomba wahusika watangaze bayana, kwa bango lililobandikwa pale pale bandarini, ni utaratibu gani wa karatasi unaotumika mfumo unaposimama, na kwamba siku za hitilafu hazitaingizwa katika hesabu ya mwenye mzigo.

Kwa Pemba haja ni kubwa zaidi, kwani anayeshushia mali yake Mkoani au Wete hapaswi kuvuka bahari kwa sababu ya tarakimu moja. Awekwe huko ofisa mwenye uwezo wa kusahihisha, si wa kupokea malalamiko tu. Aidha, orodha ya bidhaa zinazoletwa mara kwa mara na wafanyabiashara wadogo, pamoja na nambari zake na kiwango cha ushuru, ichapwe kwa Kiswahili na kugawiwa madukani bila malipo. Kazi hiyo haingoji mfumo mwingine mpya. Yatosha makarani wawili wanaokijua kitabu cha ushuru, na mtambo wa kupiga chapa.