Bomba la Hoima–Tanga: kodi kwanza, chuma baadaye

Wengi sokoni hudhani bomba la mafuta hujengwa bei ya mafuta ghafi inapopanda. Mwenendo wa Patrick Pouyanné, Mwenyekiti na Mtendaji Mkuu wa kampuni ya Kifaransa ya TotalEnergies, katika mradi wa Hoima hadi Tanga unaonyesha vingine. Kwake, kodi na mikataba hutangulia.

Sababu ni ya kibiashara. Lori likikosa mzigo njia moja huhamia nyingine, lakini bomba likishafukiwa halihami. Hili lina urefu wa kilomita 1,443, kati ya hizo 1,147 zikiwa Tanzania. Tena mafuta ya Ziwa Albert huganda kama nta yakipoa, hivyo lazima yapashwe moto njia nzima. Mwekezaji akishatia fedha, serikali ikabadili masharti, hana pa kukimbilia.

Agosti 2019, mauzo ya sehemu ya hisa za Tullow kwa Total, yaliyokubaliwa Januari 2017 kwa dola milioni 900, yalivunjika baada ya kutoelewana na Serikali ya Uganda kuhusu kodi. Mwezi uliofuata Total ilisimamisha kazi za bomba. Aprili 2020 Tullow ilikubali kuuza hisa zake zote za Uganda kwa dola milioni 575. Kuchelewa kulikuwa na bei, na muuzaji ndiye aliyeilipa.

Aprili 2021 mikataba ya wanahisa na ya nauli ya kusafirisha mafuta ilitiwa saini Entebbe. Mwaka huohuo mabunge ya nchi zote mbili yalipitisha sheria maalum za mradi. Ndipo Februari 1, 2022, mjini Kampala, Pouyanné alipotangaza uamuzi wa mwisho wa kuwekeza.

Nauli iliyokubaliwa ni dola 12.77 kwa pipa. Pipa likiuzwa dola 60, hubaki dola 47.23 kabla ya gharama za uchimbaji. Mapipa 216,000 yakipita kwa siku, nauli ni takriban dola milioni 2.76. TotalEnergies ina asilimia 62 ya bomba, TPDC na UNOC asilimia 15 kila moja, na CNOOC asilimia 8. Walipa kodi wa Tanzania na Uganda ni wabia pia: nafuu wanayompa mwekezaji inatoka mfukoni mwao, na faida ikichelewa wao pia husubiri.

Mwekezaji mdogo ajihadhari. Hisa za kampuni ya bomba haziuzwi sokoni. TotalEnergies Marketing Kenya, iliyoorodheshwa Nairobi, huuza petroli na vilainishi. Si mmiliki wa bomba. Miongoni mwa walio karibu na mradi ni wenye hisa za mabenki: Machi 2025 Stanbic Uganda na KCB Uganda zilikuwa miongoni mwa wakopeshaji wa awamu ya kwanza.

Anayefuatilia mradi huu asitazame bei ya pipa peke yake. Asome na bajeti za Kampala na Dodoma.