Ukurasa wa Mlangoni na Uchaguzi wa Lugha katika Tovuti

Ukurasa wa mlangoni ni ule unaomtokea msomaji kabla ya ukurasa wa mwanzo wa tovuti: picha, nembo, pengine neno moja tu la kubofya ili aingie. Ulienea mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati programu ya Flash ya kampuni ya Macromedia ilipowawezesha wenye tovuti kuichezesha michoro yao. Adobe, iliyoirithi programu hiyo, iliacha kuihudumia mwishoni mwa 2020. Desturi yenyewe ilikuwa imekwisha kufifia, wala haikustahili kuliliwa: ilimchelewesha msomaji, ikamlipisha mtandao kwa ajili ya pambo, na mitambo ya utafutaji haikuambulia humo maneno ya kuutambua ukurasa.

Tovuti ya lugha nyingi, hata hivyo, yahitaji mizani nyingine. Tovuti ya serikali ya Kanada, Canada.ca, hufunguka kwa ukurasa wa kuchagua Kiingereza au Kifaransa, lugha mbili ambazo sheria ya mwaka 1969 ilizipa hadhi sawa katika taasisi za shirikisho. Anwani moja ya pamoja haiwezi kufunguka kwa Kiingereza bila kukitanguliza mbele ya Kifaransa. Hapo mlango si pambo tena.

Wako wasemao kwamba kazi hiyo yaweza kuachiwa kivinjari, kwani kila kinapoomba ukurasa hutaja lugha zilizowekwa katika mipangilio yake. Hoja hii yafaa pale mipangilio inapolingana na msomaji. Simu ya mkazi wa Bukavu au Lubumbashi yaweza kuwa imewekwa Kifaransa, ilhali nyumbani husemwa Kiswahili. Tovuti ikikitii kivinjari, kurasa za Kiswahili zitakosa wasomaji, kisha mwenye tovuti atahitimisha kwamba hakuna anayezihitaji.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inataja lugha rasmi moja, Kifaransa, na lugha za taifa nne: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Taasisi inayoandika kwa lugha hizo zote ina sababu ya kuweka ukurasa wa mlangoni, mradi uwe wa maandishi matupu, kila lugha ijitaje kwa jina lake yenyewe, na chaguo la msomaji likumbukwe arudipo. Bendera zisitumike, bendera ni ya nchi, na Kiswahili kina nchi kadhaa. Wala ukurasa huo hautoshi peke yake: majina ya lugha yapasa kurudiwa juu ya kila ukurasa, kwa kuwa msomaji aletwaye na mtambo wa utafutaji hutua katikati ya tovuti, asiuone mlango kabisa.