Ngano ya Njoro: Mbegu Fupi, Shamba la Samadi

Sehemu kubwa ya ngano tuilayo hapa pwani, iwe katika mahamri ya asubuhi au chapati za futari, hushushwa Kilindini kutoka ng'ambo, kwa kuwa Kenya hailimi ya kuitosha. Ile ya nchini hutoka kwa wingi nyanda za juu za Bonde la Ufa, zikiwamo Njoro, Molo, Mau Narok na Rongai katika Nakuru. Siku hizi familia nyingi zapendelea chakula cha kilimo hai, kisichotiwa mbolea za viwandani wala dawa, nasi twasikia swali moja likirudiwa: mbona mkulima wa ngano huko hauhami mfumo wake wa kawaida?

Jibu laanzia katika kimo cha mmea wenyewe. Ngano ya zamani ilikuwa ndefu. Ikitiwa naitrojeni nyingi, suke hulemea bua na shamba zima hulala chini. Katika miaka ya 1950 na 1960, Norman Borlaug na wenzake huko Meksiko waliingiza ufupi kutoka ngano ya Kijapani iitwayo Norin 10, na mbegu hizo zikaenea ulimwenguni. Bua fupi husimama imara, likabeba suke zito. Lakini lilichaguliwa kwa shamba lenye mbolea nyingi na lisilo na magugu. Samadi na mboji hutoa naitrojeni polepole, pengine baada ya mmea kuihitaji mno, na magugu hulifunika bua fupi upesi kuliko refu. Kwa hiyo mkulima wa kilimo hai apandapo mbegu hiyo huitaka ifanye kazi ambayo haikuumbiwa. Yeye angefaidika zaidi na mmea unaotandaza majani mapema, wenye mizizi ya kwenda mbali na kimo cha wastani.

Pengo la mavuno ni la kweli, wala hatuoni haja ya kulificha. Uchambuzi wa Verena Seufert na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Nature, ulionyesha kuwa nafaka za kilimo hai hutoa takriban robo pungufu kwa wastani. Hapa Kenya, majaribio ya muda mrefu yaliyoanzishwa mwaka 2007 huko Thika na Chuka kwa uongozi wa taasisi ya FiBL ya Uswisi yalionyesha kuwa mahindi ya kilimo hai, yakilishwa samadi na mboji ya kutosha, huweza kukaribia yale ya kawaida. Hayo ni mahindi, tena nje ya Nakuru. Na samadi ya kutosha ekari mia za ngano si jambo dogo.

Naitrojeni ikipungua, protini ya punje nayo hushuka. Mwenye kusukuma chapati ataitambua hali hiyo kabla ya mtaalamu: donge halivutiki, hukatika.

Ila kuna sifa moja ambayo wakulima wa pande zote mbili huihitaji sawasawa, nayo ni kustahimili kutu. Kutu ndiyo iliyoharibu ngano ya Lord Delamere huko Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, na kuanzisha kazi ya kuzalisha mbegu mahali hapo. Kutu ya shina iitwayo Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, ilivuka hadi Kenya. Mwaka 2007 aina yake mpya iliangusha mbegu ya KS Mwamba iliyokuwa ikitegemewa. Mbegu ya Robin iliyofuata nayo ilishindwa baada ya miaka michache tu. Mkulima wa kawaida hukimbilia kiuakuvu, akilipa gharama yake. Wa kilimo hai hana ruhusa hiyo. Kinga yake imo ndani ya punje au haimo kabisa.

Leo kituo cha KALRO Njoro hupokea maelfu ya mistari ya ngano kutoka nchi nyingi ili ipimwe dhidi ya kutu. Mashamba hayo ya majaribio hutiwa mbolea ya viwandani na kupuliziwa dawa ya magugu, kwa hivyo mbegu itokayo humo imeshajaribiwa kwa kutu, haijajaribiwa kwa samadi. Tungependa kuona, kando ya mistari hiyo hiyo, kipande kingine kilichorutubishwa kwa mboji na kupaliliwa kwa jembe.